Nani Ameshika Mizani?

Nilizungumza haya Ilula, wilayani Kilolo, kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha wakulima wa nyanya na vitunguu. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, pamoja na yale niliyoyaruka pale mvua ilipoanza kupiga bati, ikawa hakuna anayesikia kitu kwa dakika kumi.

Wanyalukolo, kamwene!

Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, akina mama mliokaa huku mbele, akina baba mliokimbilia nyuma karibu na mlango, na nyie vijana wa bodaboda mnaosikiliza kupitia dirishani, asanteni kwa kunialika. Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia nije niseme maneno mawili matatu kuhusu uadilifu. Nikamuuliza, kwani kuna nini? Akacheka. Nimekagua vyama vya ushirika miaka ishirini na saba, na kicheko cha mwenyekiti ninakifahamu.

Sitawahubiria uadilifu. Wachungaji wapo, masheikh wapo, na kazi hiyo wanaiweza kuliko mimi. Mimi nimekuja kuzungumzia mizani.

Leo asubuhi nilifika mapema, nikasimama pale barabarani yanapopakiwa magari ya nyanya. Kijana mmoja alikuwa anajaza tenga. Likajaa mpaka ukingoni. Mtu yeyote mwenye macho angesema limejaa. Yeye hakuacha. Akapanga nyanya mzunguko mmoja juu ya ukingo, akaweka mwingine ndani yake, akapandisha hivyo hivyo mpaka likawa kama kichuguu. Akafunika majani, akapitisha kamba, akakaza kwa goti. Kile kilemba nilikikadiria ndoo nzima, na ndoo ile mtu ameipalilia, ameipigia dawa, ameimwagilia kwa mashine ya kukodi. Nikamuuliza kijana, "Hiki cha juu kinalipwa?" Akanitazama kama vile nimemuuliza bei ya mvua. "Mzee, hilo ndilo tenga lenyewe."

Kwa vitunguu na viazi mnaiita lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Kila mtu aliyemo humu amewahi kushona gunia ambalo watu wawili wenye nguvu hawakuweza kulitweka. Sheria ipo, afisa vipimo yupo, vizuizi vya barabarani vipo na lori linapita mbele yake likiwa limejaa vilemba vinavyoonekana kutoka mlima wa pili. Kwa nini haiishi?

Mtaniambia ni roho mbaya ya madalali. Nimekaa na madalali. Wengi wao ni watu wa kawaida, wana watoto shuleni, Jumapili wanatoa sadaka. Ninavyoona mimi, lumbesa haiishi kwa sababu anayeamua kipimo ndiye anayenunua, na anayeuza hana nafasi ya kusubiri. Nyanya ikiiva leo, keshokutwa ni maji. Dalali analijua hilo. Anakupigia kutoka soko la Ilala, Dar es Salaam: "Soko limeshuka, mzigo umefika umebondeka." Wewe uko Ilula. Utabishana na nani? Halafu katikati hapo kila mmoja anapata kidogo chake. Mpakiaji analipwa kwa tenga, mwenye lori analipwa kwa tenga, na mahali ambapo ushuru unatozwa kwa gunia, mtoza ushuru naye haumwi na chochote gunia likiwa na kilo 100 au 150. Anayeumia ni mmoja tu, naye ndiye asiyeshika mizani.

Nataka mlishike hilo, maana sasa nitawapeleka mbali kidogo. Kwanza si mbali, ni hapo Lugalo.

Mkitoka hapa kwenda Iringa mjini mnaupita ule mnara. Shuleni tulikaririshwa: tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikivamia kikosi cha Wajerumani, na mkuu wa kikosi, Emil von Zelewski, akauawa pale. Watu walimpa jina la Nyundo. Sisi tulishangilia, kengele ikagongwa, tukaenda kucheza mpira. Hakuna mwalimu aliyetuambia Nyundo alikuwa wapi miaka mitatu kabla ya hapo. Alikuwa Pangani, na hakuwa mkuu wa jeshi la serikali. Alikuwa pale kwa kazi ya kampuni.

Kampuni yenyewe ni Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwanzilishi wake, Carl Peters, alipita Usagara mwaka 1884 akiwawekesha machifu alama kwenye karatasi za Kijerumani, lugha ambayo hawakuweza kuisoma. Februari 1885 Kaisari akaipa kampuni hati ya ulinzi. Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar akaikodishia ukanda wa pwani kwa miaka 50 ikusanye ushuru wa forodha. Itazameni hali hiyo vizuri. Kampuni ya biashara, yenye wanahisa Ujerumani wanaongojea gawio, ndiyo inayokagua mzigo wako bandarini, ndiyo inayotaja ushuru, ndiyo inayoupokea, na ukilalamika ndiyo inayokusikiliza. Nyundo akaingia Pangani, Agosti mwaka huo huo, akapandisha bendera ya kampuni kwa nguvu. Haukupita muda pwani ikawaka moto, ndiyo ile vita ya Abushiri.

Sasa sikilizeni hesabu, maana hapa ndipo mkaguzi anapoamka. Kampuni ilishindwa kuizima vita iliyoiwasha. Januari 1889 Bunge la Ujerumani likapitisha marki milioni 2, fedha za walipa kodi, kumleta afisa wa jeshi aliyeitwa Wissmann, na askari. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ikachukua utawala moja kwa moja. Je, kampuni ilifilisika? Wapi! Ilibaki na biashara zake na mashamba yake, na ikapangiwa malipo yanayotoka kwenye ushuru uleule. Na Nyundo akabadilisha koti, akawa mkuu wa jeshi la serikali, akapanda huku milimani. Siku ile ya Lugalo tulishinda. Lakini ngome ya Kalenga ilivunjwa mwaka 1894, Mkwawa akafa mwaka 1898, na fuvu lake tulirudishiwa mwaka 1954. Faida ilikuwa ya wenye hisa, gharama ikawa ya wenye kodi, na makaburi yakawa huku.

Kwa hiyo mkisikia watu wanashangaa kwamba bwana fulani ametoka wizarani akaingia kampuni, akatoka kampuni akarudi wizarani, waambieni wasimame Lugalo wapige picha na mnara.

(Hapa ndipo mvua iliponikata. Niliendelea hivi.)

Tuje karibu. Bwawa la Mtera ni jirani yetu. Mwaka 2006 maji yalipungua, umeme wa nchi hii ukayumba, mgawo ukawa mkali. Mashine za kusaga zilikuwa zinalala mchana na watu wanasaga usiku wa manane kwa foleni. Nchi ikawa haina nafasi ya kusubiri. Juni mwaka huo TANESCO, shirika la umeme la nchi, ikasaini mkataba wa umeme wa dharura, megawati 100, na kampuni iliyoitwa Richmond. Mitambo ikachelewa. Kabla mwaka haujaisha mvua zikarudi, na mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Malipo yalikuwa shilingi milioni 152 kwa siku, iwe umeme umezalishwa au haukuzalishwa. Wenyewe wanaita kapasiti chaji. Ni hivi: unakodi Fuso, unaliegesha uwanjani kwako, halijabeba hata tenga moja, na kila jioni mwenye gari anagonga hodi anataka hela yake. Ukimwambia halijasafiri, anakuambia lakini lilikuwa tayari kusafiri.

Bunge likaunda kamati teule ya watu watano, mwenyekiti wake mbunge wa Kyela, Dakta Harrison Mwakyembe, mtu wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Kamati ikasema kampuni ile haikuwa na uwezo wala uzoefu wa kazi iliyopewa. Tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, akilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kuhojiwa. Mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, wakatoka naye, na Baraza la Mawaziri likavunjwa.

Naona wengine mnaanza kuinuana mabega, huyu alikuwa wa huyu na yule wa yule. Acheni. Aliyekuwa na hatia na aliyeonewa, mimi siwezi kuwaamulia leo. Kinachonishika mimi ni lile neno dharura. Manunuzi ya serikali yana hatua zake: tangazo, ushindani, tathmini, watu tofauti kila hatua. Hizo hatua ndizo mizani. Ikiitwa dharura, mizani inasogezwa pembeni kwanza, "tutapima baadaye". Sasa linganisheni na nyanya zenu. Mkulima mwenye nyanya mbivu na nchi yenye bwawa kavu ni mteja mmoja. Wote wawili hawawezi kusubiri, na asiyeweza kusubiri hujaziwa kilemba. Na mwone pia nani aliyekuja kuirudisha mizani mezani: watu watano ambao mshahara wao haukutoka Richmond wala TANESCO.

Wazee wenzangu mnazikumbuka ahadi za mwanachama wa TANU. "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Tulizisema kwa sauti, mkono juu, na wengi tulimaanisha. Azimio la Arusha la Februari 1967 likaweka na miiko: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba. Watu huicheka leo kwa kuwa ilikuwa migumu, na mwaka 1991 kule Zanzibar ililegezwa. Mimi siidai irudi yote. Ila angalieni tofauti: ahadi inamwambia mtu asiibe, mwiko wa hisa unamwondoa kwenye chumba chenye kitu cha kuibwa. Kwa uzoefu wangu wa pili ndio unaofanya kazi, wa kwanza unapendeza ukutani.

Kule Marekani kulikuwa na kampuni ya nishati inaitwa Enron. Mwaka 2000 iliwagawia wafanyakazi kitabu cha maadili, kurasa 64, kimeandikwa heshima, kimeandikwa uadilifu. Tarehe 2 Desemba 2001 ikaomba kulindwa kama mufilisi, madeni yamefichwa katika vikampuni vya pembeni, na akiba za uzeeni za wafanyakazi zilizowekwa kwenye hisa zake zikawa karatasi. Jambo lililoninyima usingizi mimi ni habari ya mkaguzi wake, Arthur Andersen, moja ya kampuni za ukaguzi zenye jina kubwa duniani. Mwaka 2000 Enron iliilipa dola milioni 25 za ukaguzi, na juu yake milioni 27 za kazi nyingine, ushauri na kadhalika. Unamkagua mtu anayekulipa milioni 52, halafu mezani unakutana na tarakimu yenye harufu. Kesi ya nyani kumpelekea ngedere, wahenga walishaifunga hiyo.

Nitaje na rada, kwa ufupi, maana mwenyekiti anaangalia saa. Tuliinunua kwa BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, nchi ikiwa maskini namna ile. Dalali wa biashara hiyo alilipwa zaidi ya dola milioni 12. Mwaka 2010 kampuni ilikiri kosa mbele ya mahakama London, na kosa lenyewe, jamani, ni la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu! Mimi nimewahi kumwandikia hoja karani wa stoo kwa kosa hilohilo kwa sababu ya debe moja la mbegu. Walau pauni milioni 29.5 zilirudi, zikanunua vitabu na madawati. Huenda mtoto wako amekalia rada.

Sasa niseme langu, maana nimewasema wengine vya kutosha.

Miaka ya tisini nilitumwa kukagua chama kimoja katika nyanda hizi hizi, sitakitaja, kimeshakufa. Nilifika jioni kwa basi, nikiwa na madai ya posho ya miezi miwili ambayo ofisi haijanilipa. Kwa hiyo chama ndicho kilichonilipia gesti, chama ndicho kilichonilisha. Siku ya pili nikafungua stoo. Leja ya mbolea ilisema mifuko 212. Nikahesabu 172. Nikarudia kuhesabu, nikaagiza mifuko ipangwe upya, nikahesabu mara ya tatu. Katibu alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi, hasemi kitu, anauzungusha tu kidoleni.

Jioni wakachinja mbuzi. Hakuna aliyezungumzia mbolea. Katibu aliniuliza habari za mwanangu aliyekuwa anaingia sekondari, akaniuliza ada ni kiasi gani, akasikitika kwa dhati kabisa. Asubuhi nilipokuwa napanda gari akanipa bahasha. Hakusema rushwa, wala mimi sikulisikia neno hilo. Alisema, "Nauli, Mkaguzi, barabara ni mbaya." Mababu zetu wa pwani waliliweka vizuri, penye udhia penyeza rupia. Rupia imekufa zamani, methali iko hai.

Njiani nikaandika ripoti kichwani. "Upungufu wa mifuko arobaini umetokana na kupasuka na unyevu." Sikulazimishwa na mtu. Hakuna aliyenitishia. Nilikuwa nimeshiba, nimechoka, ofisi yangu imenisahau, na watu niliowakagua ndio pekee waliokuwa wamenijali wiki ile. Mkinifunga leo mtakuwa na haki. Lakini mkinifunga mimi na mkamtuma mkaguzi mwingine bila posho, alale kwenye gesti ya katibu, mtapata mbuzi mwingine.

Misimu miwili baadaye chama kile kilishindwa kuwalipa wakulima. Mama mmoja alikuja hadi mjini na kitabu chake cha mauzo kimefungwa kwenye mfuko wa sukari, akaniuliza ni mlango gani wanapolipa. Nikamwonyesha mlango wa mhasibu, ingawa nilijua hakuna kitu.

Ndiyo maana sitaki mkachague wajumbe leo kwa kuangalia nani ana sura ya uchamungu. Mlishawahi, na mnajua mlikofika. Nawaomba mjadili vitu vidogo ambavyo vinachosha. Mzani wa chama. Si wa mnunuzi, wa chama, na siku ya mzigo usomwe na watu wawili, mmoja wa kwenu na mmoja wa mnunuzi, namba itamkwe kwa sauti mwenye mali akisikia. Mzani nao unachezewa, nimewahi kukuta jiwe limefungwa chini ya sahani kwa waya. Angalieni alama ya Wakala wa Vipimo, na msisahau kuangalia ni ya mwaka gani. Mkaguzi wenu alipwe mapema, malipo yapitishwe hapa kwenye mkutano, na msimpe chakula. Mpeni maji. Mkataba wowote na mnunuzi usomwe wote, kwa Kiswahili, kabla ya kusainiwa, na yeyote atakayesimama kusema "hakuna muda, ni dharura", mwulizeni dharura hiyo ni ya nani.

Je, mkifanya hivyo dalali wa Ilala ataacha kupiga simu? Hataacha. Nyanya zitaendelea kuiva siku moja na za mwenzako. Mpaka mpate pa kuzihifadhi au kiwanda kinachonunua kwa kilo, mtakuwa bado mnapungukiwa nguvu, sitawadanganya. Lakini mtajua mmepoteza kilo ngapi. Leo hii hamjui hata hilo.

Nilipoketi wakapiga makofi, kisha mwenyekiti akaruhusu maswali. Akasimama mama mmoja wa mstari wa mbele, amebeba mtoto mgongoni.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Ile bahasha uliirudisha?"

Ukumbi ukanyamaza. Nikamwambia hapana, sikuirudisha. Nililipia ada, na iliyobaki nikanunua bati za jikoni. Akaniuliza, zipo mpaka sasa? Nikamwambia zipo. Akatikisa kichwa, akakaa, akamgeuza mtoto upande mwingine, na mwenyekiti akatangaza ajenda namba nne, taarifa ya mapato na matumizi.